Injini Isiyo na Jina

Saa tano kasorobo ya Ijumaa asubuhi, Odessa Pettway alilifuta jina la Nabil Kashat kwenye daftari lake. Siku mbili nzima alikuwa amemganda huyo Nabil kwa sababu ya uvumi kwamba karakana yake ya Barabara ya Maili Nane ilikuwa imeficha injini kubwa ndani ya sanduku la mbao. Sanduku lilifunguliwa mbele yake. Injini ilikuwamo kweli, ya silinda nane, lakini ya miaka sita iliyopita, na risiti zake zilikuwa kamili.

"Mama," Nabil alimwambia huku akimmiminia kahawa, "ningekuwa na injini ya Mia Nane humu ndani, ungenikuta nabadilisha pedi za breki?"

Odessa alikiri kwamba asingemkuta. Siku mbili zilikwenda na maji, na saa tisa alasiri hiyohiyo kamati ya kiwanda cha magari ingekaa kumfukuza kazi Verlon Tubbs.

Verlon alikuwa amefunga injini kwa miaka thelathini na mmoja. Mwezi wa Juni alipewa heshima ambayo kila fundi wa Detroit angeitamani. Aliteuliwa kuifunga kwa mikono yake injini ya Bandolier Mia Nane namba moja, toleo jipya na kali kuliko yote ya gari ambalo mji huu umekuwa ukilijivunia tangu enzi za babu zao. Kesho, Jumamosi, gari hilo lingepita Barabara ya Woodward katika maandamano ya magari, mbele ya watu wote. Lakini Jumatatu, walipotaka kulifunga bamba lenye jina la fundi, walisoma namba iliyogongwa kwenye chuma wakakuta siyo. Injini ya Verlon ilikuwa imetolewa na nyingine kuwekwa mahali pake. Na mlango wa chumba cha gari ulikuwa umefunguliwa kwa kadi ya Verlon mara tatu, katikati ya likizo ya Julai, wakati kiwanda kizima kimefungwa.

Yeye alisema alikuwa kaskazini ziwani akivua samaki, peke yake. Kuhusu kadi hakusema neno, na kimya hicho ndicho kilichokuwa kinammaliza. Chama cha wafanyakazi kilimwita Odessa, aliyewahi kuwa mpelelezi wa polisi wa jiji kwa miaka ishirini kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe.

Mlinzi wa geti la kiwanda aliinama kulitazama gari la Odessa kabla ya kumtazama yeye.

"Hii ni Bandolier ya mwaka sitini na tisa?"

"Sitini na tisa. Ya baba yangu."

"Pita mbele, mama. Liweke kivulini."

Mgeni aliyekuja na gari la kampuni nyingine angeelekezwa uwanja wa nyuma, ng'ambo ya reli, akatembee robo saa kwa miguu. Hapa heshima ya mtu huanzia kwenye maegesho.

Mhandisi mkuu, Marguerite Oyler, alikuwa akimsubiri katika chumba cha gari namba moja. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, na alikwisha kuamua siku nyingi kwamba Verlon ni mwizi. Odessa aliingia na maswali yake yote tayari, akayasahau mlangoni.

Gari lilikuwa zuri. Lilikuwa la kijani kilichokoza hadi kukaribia weusi, na lilikuwa na mabega yaleyale mapana ya gari la baba yake, kiuno kilekile, taa zilezile mbili za duara zinazokutazama bila woga. Waliolichora upya hawakulidhihaki la zamani. Walikuwa wamelisikiliza, kisha wakaliongezea tairi pana, breki kubwa kama sinia na nguvu za farasi mia nane. Odessa alijikuta ameweka kiganja juu ya boneti.

"Kila mtu husimama hapohapo," Oyler alisema. "Maswali yako?"

"Injini ina uzito gani?"

"Kilo mia tatu na kitu."

"Kamera za geti ziliiona ikitoka?"

"Hapana. Ndiyo maana tunasema alikuwa na mshirika."

"Au haikutoka."

"Tumepekua kila ofisi na kila chumba cha mafundi."

"Na stoo ya vipuri?"

"Stoo ina masanduku elfu mbili, Bi Pettway, na kila moja lina lebo yake."

Odessa aliandika neno lebo, akalipigia mstari. Kisha akaomba boneti ifunguliwe na kifuniko cha juu ya injini kiondolewe. Oyler alikiondoa kwa mkono mmoja, na injini ikabaki wazi, safi kama sahani ya harusi. Kwenye kila kichwa cha bolti palikuwa na mstari mdogo wa rangi ya njano ulioshuka hadi kwenye chuma kilicho chini yake.

"Hii ni nini?"

"Ushamba," Oyler alijibu. "Zamani fundi akikaza bolti alichora mstari ili ajue imekazwa. Ikilegea, mstari unakatika na kila mtu anaona. Siku hizi spana zina kompyuta, zinahesabu zenyewe. Kalamu za rangi tulizipiga marufuku miaka mitatu iliyopita. Waliobaki na tabia hiyo ni wazee. Verlon ni mzee."

Odessa aliinama karibu zaidi. Kila mstari uliishia na kimkia kilichopinda juu, mfano wa ndoana. Bolti baada ya bolti, kimkia kilekile. Alivipiga picha vyote.

Dereva wa majaribio, Tico Barragán, Odessa alimkuta kwenye kibanda cha uwanja wa mbio nyuma ya kiwanda, akila chapati ya mahindi iliyofungiwa nyama. Alikuwa kijana wa kusini-magharibi mwa jiji, mcheshi, lakini alipoona daftari ucheshi ukapungua.

"Unaandika?"

"Naandika."

"Basi anza na kwamba mimi sijui habari za wizi."

"Nimeandika. Uliliendesha gari mara ngapi?"

"Mbili. Mara ya kwanza kabla ya likizo ya Julai, ya pili baada yake."

"Uliona tofauti?"

Barragán alitafuna, akameza, akafuta vidole kimoja kimoja. "Dada, ukinitia matatani nitakukana."

"Nikane. Lakini kwanza nijibu."

"Ya kwanza ilikuwa injini nzuri mno. Nisingeikosoa mahali. Ya pili ilikuwa tamu zaidi." Sauti yake ilishuka kidogo. "Ukitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, ya kwanza ilikuwa inakusukuma mgongoni. Ile ya pili inakubeba. Haikohoi, haitetemeki. Ungeweza kusimamisha sarafu juu yake nayo inaunguruma, isianguke. Nilidhani Verlon ameirudia wakati wa likizo. Nilimpongeza tulipokutana ngazini, akanitazama kama mwendawazimu."

Odessa alifunga daftari. Hapo ndipo kesi nzima ilipogeuka kichwa chini miguu juu. Mwizi anayeiba ng'ombe haachi zizini mwingine aliyenona zaidi. Aliyefanya kazi hii hakutaka kuchukua injini. Alitaka kuiweka ya kwake.

Stoo ya vipuri ilikuwa na dirisha moja lenye wavu, na nyuma ya wavu alikaa Casimir Dudek. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mikono mikubwa, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Mfukoni kifuani alichomeka kipimo na kalamu mbili. Kila fundi aliyekuja kuazima kifaa alimwachia kisahani cha shaba chenye namba yake, naye akakitundika mahali pa kifaa hicho bila kutazama.

"Wewe ni binti wa Pettway," alisema kabla Odessa hajajitambulisha. "Yule wa kiwanda cha zamani. Alikuwa na mkono mwepesi, marehemu."

"Na wewe ulikuwa unafunga injini?"

"Miaka ishirini na minne. Kisha bega likapasuliwa na daktari akaandika karatasi. Nisinyanyue, nisikaze, nisivute." Alitabasamu. "Wakanipa dirisha."

"Verlon ni mwizi?"

"Kama Verlon mwizi, mimi askofu."

"Wakati wa likizo ya Julai nani alikuwa humu?"

"Mimi, nikihesabu vipuri. Kila mwaka. Mafundi wa umeme walikuwa upande wa pili."

Nyuma yake ukutani palikuwa na misumari ishirini, safu mbili zilizonyooka, na chini ya kila mmoja herufi mbili za penseli zilizofifia. Odessa aliionyesha kwa kidevu.

"Hiyo ya nini?"

"Kalenda za zamani," Dudek alijibu, akageuka kumhudumia mtu.

Kalenda ishirini kwa mtu mmoja. Odessa alisoma herufi za msumari wa nne, V na T, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Verlon Tubbs alikuwa kwenye mkahawa ulio mkabala na geti, maana kadi yake ilikuwa imezuiwa na ndani hakuruhusiwa. Mbele yake palikuwa na soseji iliyofunikwa nyama ya kusaga na vitunguu, haijaguswa. Alikuwa mtu mweusi mrefu mwenye mvi za heshima, amevaa tai kwa ajili ya kamati, na tai ilimkaba.

"Ndugu Tubbs," Odessa alisema akikaa, "nimeona misumari ishirini stoo."

Verlon aliikunja karatasi ya kufutia mikono mara nne.

"Nadhani mambo ni hivi," Odessa aliendelea. "Siku ya mwisho kabla ya likizo, kila fundi wa mstari wenu wa kufunga injini anatundika kadi yake kwenye msumari wake. Akirudi, anaichukua."

"Anayekwenda likizo na kadi mfukoni hajaenda likizo," Verlon alisema polepole. "Walianza waliotutangulia. Ni kiapo. Wiki mbili hukanyagi kiwandani hata wakupigie magoti."

"Na sheria inasema kadi isitoke mikononi mwako."

"Ndiyo. Nikisema, wote ishirini wanaandikiwa barua. Wawili kati yao wana miezi mitatu kazini. Watatimuliwa kesho yake."

"Kwa hiyo utimuliwe wewe."

"Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi."

Odessa alimtazama akamwonea hasira na kumheshimu kwa wakati mmoja. "Zamani mlipokuwa mnachora alama kwenye bolti, wewe ulichoraje?"

"Nukta mbili."

"Na Dudek?"

Karatasi ilikunjwa mara ya tano. "Cas alinifundisha kazi. Alisimama upande wangu siku ya harusi yangu. Usiniulize habari za Cas."

"Sikuulizi tena," Odessa alisema. Hakuwa na haja.

Lakini karatasi iliyokunjwa mara tano si ushahidi, na kamati haikuwa na masikio ya kusikiliza hisia za mpelelezi. Alihitaji mkono wa mtu mwenyewe uzungumze. Saa saba na nusu, katika maegesho ya mbele, Odessa alifungua boneti ya gari la baba yake, akachukua spana na kulegeza bolti tatu za kifuniko cha injini. Alijisikia kama anayemfinya mtoto wa mtu. Kisha akaliwasha, akaliacha likiunguruma, akasubiri wafanyakazi watoke kupunga upepo.

Dudek alitoka na mkate wake mkononi. Aliusikia mlio toka mbali. Alikuja moja kwa moja.

"Linavuja," Odessa alisema. "Sijui lina nini leo."

"Lizime."

Angeweza kusema daktari amemkataza. Angeweza kumwita fundi mwingine, na walikuwa kumi pale uani. Lakini injini ya sitini na tisa ilikuwa wazi mbele yake, na hakuna mtu wa kiwanda kile ambaye angeweza kulipa kisogo jambo hilo. Aliuweka mkate juu ya ukuta, akanyoosha mkono, akapewa spana. Alizipapasa bolti zote kwa kidole kabla ya kukaza hata moja. Kisha akaanza, kwanza ya katikati, halafu ya pembeni, halafu ya pembeni ya pili, kwa mkono wa kulia tu, jicho limefumbwa nusu. Odessa alikuwa amewaona mafundi wengi maishani mwake. Hakuwahi kuona mkono uliotulia namna ile.

"Baba yako aliitunza," Dudek alinong'ona. "Tazama mlivyo safi humu."

Mazoea yana taabu. Bolti ya tatu ilipokaa, vidole vyake vilipanda vyenyewe hadi mfukoni, vikachomoa kalamu yenye kofia ya njano, na kuchora mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mstari uliishia na kimkia kilichopinda juu.

Odessa alingoja hadi mzee mwenyewe aone alichofanya, na alikiona. Kalamu ilibaki hewani.

"Kwa nini umechora, Cas?"

"Ili anayekuja nyuma yangu ajue nimeshapita."

Odessa alimwonyesha picha kwenye simu. Dudek aliitazama, na jambo lililomshangaza Odessa ni kwamba macho yake, kabla ya kujaa aibu, yalijaa fahari.

"Inalia vizuri?" aliuliza. "Sijaisikia ikikaza mwendo. Nilikuwa dirishani."

"Barragán anasema inambeba."

Mzee alikaa juu ya ukuta, karibu na mkate wake. Alisema aliifunga kwa majira yote ya baridi, jioni jioni baada ya zamu, kwa vipuri vilivyokataliwa kwa sababu ya mkwaruzo wa rangi tu. Julai aliibadilisha kwa winchi ya kunyanyulia ya chumba, siku tatu, kwa kadi aliyoitoa msumarini. Hakuchagua ya Verlon kwa ubaya. Ni kadi ya fundi wa gari lile tu ndiyo iliyokuwa inafungua mlango ule.

"Injini yake iko wapi?"

"Safu ya kumi na nne, chini. Lebo inasema vifuniko vya gia. Haina hata vumbi, nimeifunika blanketi." Alijifuta pua. "Miaka ishirini na minne nimefunga, na siku zile hapakuwa na mabamba ya majina. Yamekuja mimi nikiwa dirishani. Nilitaka moja tu iende barabarani."

"Na Jumatatu walipomtuhumu Verlon?"

"Nilisema kesho nitasema. Jumanne nikasema kesho."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani, binti."

Odessa alizitazama zile alama tatu za njano juu ya injini ya baba yake. Hakuzifuta.

Saa tisa kasoro dakika kumi walisimama wanne katika chumba cha gari namba moja: Oyler, Odessa, Verlon na Dudek. Kadi zilizotundikwa Oyler aliahidi kutoziona, mradi misumari ing'olewe leo. Dudek alikuwa amekwisha kukiri, sanduku la safu ya kumi na nne lilikuwa limeletwa na kufunguliwa, namba imesomwa, na kamati imeambiwa isikae. Verlon alilegeza tai. Hakumtazama Dudek.

"Ndugu Tubbs," Oyler alisema, na neno ndugu lilitoka kwa shida mdomoni mwake, "kampuni inakuomba radhi. Tunao muda. Mafundi wakifanya kazi hadi asubuhi, injini yako itakuwa imerudi mahali pake kabla ya maandamano."

"Liwashe kwanza," Verlon alisema.

Oyler akaliwasha. Sauti haikuwa ya kelele. Ilianzia chini, sakafuni, ikapanda miguuni na kutulia kifuani, nzito na laini, na Odessa akaona nywele za mikono yake zimesimama. Verlon alisogea. Alifuata mistari ya njano kwa jicho, bolti kwa bolti, hadi ya mwisho. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akaisimamisha kwa ubavu juu ya kifuniko, akaondoa kidole.

Sarafu ilisimama.

Walingoja. Sarafu haikutikisika, na Dudek kule ukutani alishika mdomo kwa mkono wake mzima.

"Iacheni humuhumu," Verlon alisema hatimaye. "Ni bora kuliko yangu."

"Hatuna bamba la jina lake," Oyler alisema. "Na kwa alichofanya, halitatengenezwa."

"Basi iende bila jina."

Alinyoosha mkono, na Oyler akamkabidhi bamba lililokuwa likingoja tangu Jumatatu, limechorwa V. Tubbs. Verlon alilitia mfukoni. Hapo ndipo alipomgeukia mtu aliyemfundisha kazi.

"Injini nimekusamehe, Cas. Ningekuwa wewe, labda ningefanya hivyohivyo." Sauti yake haikupanda. "Siku nne sijakusamehe. Mke wangu alikuwa anazima taa za sebuleni ili majirani wadhani hatupo."

Dudek aliigeukia injini iliyokuwa bado inaunguruma.

Verlon alitoka kwenda kumpigia mkewe simu. Oyler alinyoosha mkono kuzima injini, akaona namna mzee alivyokuwa anasikiliza, akaurudisha mkono.